Msosi wa Kihindi na Kichina Dar: Tuache Kukimbilia Masaki

Boom ikitoka tu, kwenye vimbweta swali huwa ni lile lile: "Wana, wapi mjini kuna msosi wa Kihindi wa maana?" Wengine wanataka wa Kichina, na siku hizi, kwa sababu ya tamthilia, wapo wanaoulizia hata wa Kikorea. Majibu nayo hayabadiliki. Masaki. Oysterbay. Msasani. Utatajiwa mgahawa wenye upepo wa bahari, taa za njano na ukuta maalumu wa kupigia picha. Watu wanachangishana, wanaita usafiri, wanakula, wanapiga picha, halafu wiki mbili zinazofuata wanaishi kwa wali maharage na mkopo wa mama ntilie.

Mimi nasema tunatafuta mahali siko. Chakula kizuri cha Kiasia katika jiji hili kiko katikati ya mji, Kisutu, Upanga, Mtaa wa Jamhuri, Zanaki, Libya, hadi Kariakoo, kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Na kinachotuzuia kufika si hela, maana Masaki ndiko kwenye gharama na bado tunakwenda. Kinachotuzuia ni mpaka ambao tumeurithi bila kuuliza nani aliuchora. Sisi ambao kesho tutaitwa walimu, maafisa na mabosi tuna sababu ya kuuvuka mpaka huo, na njia rahisi kuliko zote ni kuuvuka kwa kula.

Masaki ni mbili

Tunaotoka upande wa Kibaha na Kisarawe tuna utani wetu. Mtu wa Vihingo ukimwambia unakwenda Masaki, anaweza kukuuliza unafuata shamba la nani, kwa sababu Masaki anayoijua yeye ni kata ya Kisarawe, kwa wakulima wenzake. Masaki ya rasi ya Dar, yenye mabalozi na magorofa ya vioo, ni habari nyingine kabisa.

Sina ugomvi na hiyo Masaki ya vioo. Mtu akiwa na hela yake aende, na huko wapo wapishi hodari sana. Ila tuwe wakweli kuhusu tunacholipia. Sehemu kubwa ya bili ni kodi ya jengo, kiyoyozi, mandhari ya bahari na mlinzi wa getini. Mara nyingi chakula chenyewe kimepunguzwa makali ili mgeni yeyote, awe ametoka Ulaya au Mbeya, asishtuke. Unalipa bei ya sahani tatu ili ule sahani moja isiyotaka kumkera mtu. Kwa wenzetu wanaosoma kwa mkopo, hiyo si starehe, ni hasara.

Isitoshe, kwenda kule kunatufundisha jambo la uongo: kwamba chakula cha Kiasia ni kitu cha kigeni, cha kifahari, kinachohitaji maandalizi na mavazi.

Tumekikulia

Fikiria genge la kawaida kule Vihingo, la mama anayeuza asubuhi kwa watoto wa shule na vijana wa bodaboda. Ana nini? Chapati, sambusa, bagia, kachori, chai. Nenda kwenye harusi ya Kizaramo: pilau au biriani, kachumbari, na achari kwa pembeni. Hebu nyoosha mkono unionyeshe ni kipi hapo ambacho hakina alama ya Bara Hindi, Uajemi au China. Chapati na bagia ni maneno yaliyotoka India. Pilau, sambusa na biriani yana damu ya Kiajemi, yamepita India na Uarabuni hadi yakatua kwetu. Hata neno chai asili yake ni China. Tukihesabu hela tunasema "laki moja", na hiyo laki nayo ni ya Kihindi.

Hakuna aliyetulazimisha. Jahazi zilikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi kwa karne nyingi, na mapwani yetu yakachukua yaliyofaa. Sisi tuliongeza nazi, ndimu na pilipili, tukavisahau vilikotoka, vikawa vyetu. Ndivyo chakula kinavyofanya kila mahali.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba na sisi tumewapa. Ukiingia kwenye migahawa ya Kihindi ya Wembley, London, utakuta sahani inaitwa mogo: vipande vya muhogo vilivyokaangwa, vikatiwa pilipili na ndimu. Ni muhogo huu huu wa kwetu, na jina ni neno letu lililokatwa mkia. Waliupeleka kule Waasia wa Afrika Mashariki waliohamia Uingereza miaka ya 1960 na 1970, wengine baada ya Idi Amin kuwafukuza Uganda mwaka 1972. Kuna pia kuku paka, mchuzi wa kuku wa nazi, ambao jina lake la kwanza huhitaji mtu wa kukutafsiria. Na katika Kigujarati kinachosemwa na wazee wa Dar utasikia sufuria, fagio na kisu vikitajwa kama maneno yao.

Kwa hiyo muhogo unaong'olewa mashambani Pwani unaheshimika London kama chakula cha Kihindi, na sisi tulio saa moja au mbili kutoka Kisutu tunaogopa kuingia mgahawa wa Kisutu. Hilo linanisumbua.

Nani alichora mpaka?

Waliosoma historia ya jiji hili wanajua. Wakati wa Wajerumani, na baadaye Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa kwa rangi. Upande wa bahari, kwenye upepo mzuri, Uzunguni. Katikati, kwenye maduka, Uhindini. Mwafrika akapelekwa Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu wa kututenganisha, na uwanja huo ndio Mnazi Mmoja ya leo.

Uhuru ukaja mwaka 1961. Mwalimu Nyerere alikataa uraia wa rangi, na Amir Jamal, Mtanzania wa asili ya Kihindi, akawa Waziri wake wa Fedha. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha, na majengo mengi ya katikati ya mji yaliyochukuliwa yalikuwa ya Waasia. Wengi walihamia Uingereza na Kanada. Wengine walibaki na wapo hadi leo, wajukuu na vitukuu, raia kama mimi na wewe. M. G. Vassanji, mwandishi aliyekulia Dar na baadaye kuishi Kanada, ameandika riwaya na hadithi nyingi kuhusu mitaa hiyo. Profesa Issa Shivji, ambaye wengi wetu tumesoma maandishi yake ya sheria na ardhi, alizaliwa Kilosa.

Uwanja wa Mnazi Mmoja unavuka kwa miguu kwa dakika chache tu, lakini sisi bado hatuvuki. Tunakwenda Kariakoo kununua nguo na simu, tunageuza. Tukifika Kisutu, basi ni kwa ajili ya fotokopi, dawa au benki. Tunamwona Mhindi kaunta, naye anatuona kaunta. Zaidi ya miaka 60 ya uhuru, na kaunta bado iko katikati yetu.

Jinsi ya kupata pazuri

Sasa tuje kwenye msosi. Kutoka Ubungo panda mwendokasi wa kwenda Kivukoni, shuka kituo cha Kisutu, kisha tembea. Usifungue simu kutafuta nyota. Fuata haya.

Kwanza, angalia nani anakula. Mgahawa ambao familia za mtaa huo zenyewe zinakula siku ya kazi, bila sherehe, huwezi kukosea. Ukiona bibi wa Kigujarati amekaa na wajukuu, au mafundi na makarani wanagombea meza moja saa saba mchana, ingia.

Pili, jua mtaa una watu wa namna gani. "Mhindi" tunayemtaja sisi ni watu wengi tofauti. Karibu na mahekalu ya Kihindu ya Kisutu utakuta migahawa isiyopika nyama kabisa, wala yai. Huko ndiko kwenye dengu, bamia, bilingani, mtindi na mikate ya moto, na ile sahani kubwa ya chuma yenye vibakuli vingi iitwayo thali. Kwa Waislamu wa Kiasia, yaani Waismailia, Mabohora, Waithnasheri na wengineo, ndiko kwenye biriani, kababu na mishkaki, na nyama ni halali. Ukiwa na rafiki asiyekula nyama, au wewe una shaka kuhusu nyama, habari hii inakuondolea wasiwasi kabla hujaagiza.

Tatu, fuata saa ya chakula. Asubuhi ni ya chai ya maziwa na tangawizi, chapati, sambusa na kababu. Mchana ni wali na mchuzi. Jioni jiko linahamia nje. Pale Mamboz, kwenye kona ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro, kuku na mishkaki vinachomwa na meza zinamwagika hadi kando ya barabara. Waafrika, Waasia, Waarabu na watalii wote wanalamba vidole pamoja. Nataja pale kwa sababu panajulikana na jiji zima, lakini karibu kila kona ya mitaa ile ina jiko la namna yake. Mwezi wa Ramadhani ratiba inabadilika: mchana kimya, ikifika magharibi mitaa inajaa.

Nne, menyu fupi ni dalili njema. Mgahawa unaojidai kupika piza, baga, tambi za Kichina, biriani na ugali samaki kwa wakati mmoja, jua friji ndiyo inayofanya kazi pale. Mpishi wa vitu vitano alivyopika miaka 20 hana cha kukuficha. Uliza leo kuna nini, siyo wana nini.

Tano, uliza bei kabla ya kukaa, na uliza bila aibu. Katikati ya mji hakuna anayekushangaa. Mkiwa watatu, agizeni sahani mbili tofauti na mikate ya kutosha, mle pamoja. Chakula hiki kimetengenezwa kwa kula pamoja.

Sita, usiondoke bila kitu cha mkononi. Maduka ya mithai yana jalebi na ladu, na chevda ya kupimwa kwa mizani. Soko la Kisutu nalo lina bizari nzima za kila aina. Ukinunua kidogo, hata wali wa geto unabadilika.

Na Wachina?

Kanuni ni ile ile: fuata wenyewe. Wachina hawakuanza kuja na maduka ya Kariakoo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wao kati ya 1970 na 1975, na inapita kwenye wilaya yetu ya Kisarawe. Wazee wa kwetu wanawakumbuka wakiwa kambini, wakilima bustani zao za mboga. Baadhi yao hawakurudi makwao. Makaburi yao yako Gongo la Mboto. Kizazi kile kilikuwa na majembe na vyungu vyao, hakikuwa na migahawa ya kifahari.

Leo wapo wafanyabiashara, wahandisi wa barabara, walimu wa lugha. Mgahawa mzuri wa Kichina ni ule ambao menyu imeandikwa Kichina kwanza na lugha nyingine baadaye, meza ni ya duara, na wateja ni mafundi waliotoka kwenye ujenzi na viatu vya vumbi. Wali wa kukaanga na kuku mtamu ni vya kutuliza wageni. Omba wanachokula wao: maandazi madogo ya mvuke yenye nyama ndani, mboga za majani zilizopitishwa haraka kwenye moto mkali na kitunguu saumu, au kile chungu cha mchuzi kinachochemka katikati ya meza na kila mtu anatumbukiza chake. Asiyekula nguruwe aulize mapema, kwa sababu huko nguruwe ndiyo nyama ya kawaida. Wenzetu wanaosoma Kichina hapa chuoni wanaweza kutuongoza, na kwao ni zoezi bora kuliko kukariri msamiati darasani.

"Lakini wale wanatubagua"

Najua mtasema hivyo, na sitaki kulizungukia. Kuna mahali utaingia na kuangaliwa kama umepotea njia. Iliwahi kunitokea mimi na mwenzangu, tulisimama muda mrefu huku waliofuata wakihudumiwa. Tuliondoka, na sijarudi pale. Ubaguzi upo na siombi mtu aumeze kwa ajili ya sambusa.

Lakini na sisi tujisikilize. Tunasema "Wahindi" kana kwamba ni mtu mmoja. Tunasema "hawa wageni" kwa mtu ambaye babu yake amezikwa Dar. Tunacheka lafudhi yao ya Kiswahili, na yetu ya Kiingereza hatutaki ichekwe. Mpaka wa Mnazi Mmoja una walinzi pande zote mbili.

Nilichokiona mahali pengi ni tofauti na hofu yetu. Kuna duka dogo la vitafunwa ambako nilimwamkia mzee wa kaunta shikamoo. Akaitika marahaba, akauliza natokea wapi. Nikasema Vihingo, njia ya Kisarawe. Akasema zamani alikuwa akinunua korosho pande hizo. Nikaonyesha kitu cha njano kama keki, nikauliza, "Mzee, hii nini?" Akasema, "Dhokla, mwanangu. Unga ya dengu. Onja kwanza, ukipenda utanunua." Nilinunua. Wala hatukuwa marafiki wa kufa na kuzikana baada ya hapo, ila sasa nina mtu wa kumwamkia Kisutu, na yeye ana mwanafunzi wa ualimu anayemjua kwa sura. Ni jambo dogo, lakini kabla ya siku ile halikuwepo.

Tena ukichungulia jikoni utaona kingine. Anayesukuma chapati na kukoroga biriani mara nyingi ni kijana mweusi aliyetoka Lindi, Tanga au Dodoma, na anaipika kuliko mwenye mgahawa. Huyo ni fundi mwenye ujuzi ambao hakuna cheti kinachouonyesha, na jina lake haliko kwenye bango. Ukishiba, mwite, mshukuru, muulize alijifunza wapi. Pengine atakuambia vitu ambavyo hata mwajiri wake hajawahi kumuuliza.

Kwa nini hili ni letu

Nasoma ualimu, kwa hiyo nitamalizia na darasa. Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, niliwauliza wanafunzi wa kidato cha pili wanajua nini kuhusu Watanzania wenye asili ya Asia. Jibu la kwanza: "Wana maduka." La pili: "Wana hela." La tatu halikuja. Watoto wale walikuwa wamekunywa chai na kula chapati asubuhi hiyo hiyo. Mada ya ugawaji wa miji kwa rangi ipo kwenye somo la historia na tunaifundisha kama jambo lililokwisha, kwa sababu na sisi wenyewe hatujawahi kuvuka uwanja.

Mwalimu hawezi kumpeleka mwanafunzi mahali ambako yeye hajafika. Tukihitimu tukiwa tunawajua wenzetu wa kaunta tu, tutazalisha darasa jingine la "wana maduka", na wao watazalisha lao la "wale wafanyakazi wetu".

Kwa hiyo nina ombi kwa wizara ya utamaduni na burudani ya serikali yetu ya wanafunzi. Kila mwaka tunachangia basi la kwenda Bagamoyo au fukwe za Kigamboni. Safari hizo ziendelee. Lakini muhula ujao tuandae moja isiyohitaji basi la kukodi: tukutane Kariakoo saa tatu asubuhi, tuvuke Mnazi Mmoja kwa miguu, mtu wa historia atueleze uwanja ule uliwekwa kwa nini, tunywe chai Kisutu, tupite sokoni kwenye bizari, tumalize na chakula cha mchana. Tuwaalike na wanafunzi wenzetu wa Kiasia, maana wapo hapa chuoni na kantini tunakaa meza tofauti. Watuchagulie wao mgahawa.

Nauli ni ya mwendokasi. Chakula kila mtu atajilipia, na ninawahakikishia kwamba ada ya picha moja ya Masaki itatosha na chenji itarudi.